Kuhamisha swichi ya pikapu kwenye gitaa la umeme

Uko katikati ya wimbo, mkono umekolea, unacharaza kodi kwa nguvu, mara sauti inageuka. Ile sauti nene uliyoanza nayo imekuwa nyembamba na kali, na wenzako wanakutazama. Hukukusudia kubadilisha kitu. Kidole kidogo kimeteremka chini ya nyuzi kikakuta njiani mpini wa swichi inayochagua pikapu (vile vinasa sauti vyenye sumaku vilivyo chini ya nyuzi), kikausukuma.

Nilivumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Nilijaribu kubana vidole, nikajaribu kucharaza juu zaidi karibu na shingo, na kila nilipojisahau swichi iligeuka. Siku niliyoihamisha nilijiuliza kwa nini nilijaribu kuurekebisha mkono badala ya gitaa.

Wapo wanaolalamikia kinyume chake. Swichi yao iko mbali, juu kule begani mwa gitaa, na kila wanapotaka kutoka ridhimu kwenda solo lazima mkono uache nyuzi kabisa. Hapo ndipo Gibson waliiweka kwenye Les Paul tangu 1952. Fender waliiweka chini ya nyuzi, jirani na kitufe cha volyumu, walipotoa Stratocaster mwaka 1954. Kwenye umbo jembamba lenye pembe mbili la mwaka 1961, lile lililokuja kuitwa SG, Gibson wenyewe waliishusha hadi karibu na vitufe. Kwa hiyo hata watengenezaji wakubwa hawakukubaliana mahali pamoja, na hakuna sheria unayoivunja ukiichagulia swichi yako mahali pake.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu anayejua kushika keekee na chuma cha kulehemu. Kutoboa tundu ni suala la dakika chache. Kinachoamua kama utaipenda kazi yako ni yale unayofanya kabla ya kutoboa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hayo.

Kwanza: je, unahitaji tundu kweli?

Ubao ukishatobolewa haurudi. Tena gitaa la zamani ambalo halijaguswa hupoteza thamani mbele ya wanaokusanya magitaa mara tu linapopata tundu jipya, hata tundu liwe safi namna gani. Kama lako ni la aina hiyo, usilitoboe. Tafuta jingine la kufanyia kazi, au tumia moja ya njia zisizogusa ubao.

Kwa gitaa la aina ya Telecaster njia ipo na ni ya jioni moja. Swichi, volyumu na toni vyote vimekaa kwenye bamba moja la chuma linaloshikiliwa na skrubu mbili. Fungua skrubu, ligeuze bamba ili mbele iwe nyuma, lifunge tena. Swichi sasa iko nyuma, mbali na vidole. Utagundua kwamba toni imekuja mbele na volyumu imebaki katikati, kwa hiyo badilishana nafasi za poto hizo mbili (vile vidhibiti vilivyo chini ya vitufe) ili volyumu ikae pale kidole kidogo kinapoifikia. Baadhi ya nyaya zinaweza kuwa fupi baada ya kugeuza. Ziunge au ziweke mpya, usizivute kwa nguvu.

Kwa aina ya Stratocaster, karibu kila kitu kimefungwa kwenye bamba la plastiki la mbele, na chini yake ubao umechimbwa chumba kikubwa. Nunua bamba jingine lisilotobolewa upande wa vitufe, ulitoboe upendavyo, na lile la asili ulihifadhi. Ukijuta, unarudisha la zamani na hakuna atakayejua. Hii ndiyo njia ninayompendekezea yeyote anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza, kwa sababu ukikosea unapoteza kipande cha plastiki tu.

Njia ya tatu ni kutumia tundu ambalo tayari lipo. Watu wengi wana kitufe cha toni ambacho hawajakigusa tangu wanunue gitaa. Kitoe, na mahali pake weka swichi. Swichi ya mzunguko, ile inayozungushwa kama kitufe cha volyumu, mara nyingi huingia kwenye tundu lilelile la poto bila kupanua chochote. Swichi ndogo ya mpini huingia pia, ila tundu litakuwa kubwa kuliko skrubu yake (ile sehemu yenye hesi inayopita kwenye tundu), kwa hiyo itahitaji washa pana juu na chini. Ile kubwa ya mpini, ya mtindo wa Les Paul, itakulazimu upanue tundu.

Kama hakuna kati ya hizo inayokufaa, tuendelee.

Acha mkono uchague

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchagua mahali kwa macho. Mtu analilaza gitaa mezani, analitazama, anasema hapa patapendeza. Lakini gitaa halipigwi likiwa mezani.

Tengeneza swichi ya bandia. Kata kipande cha penseli chenye urefu wa milimita 20 hivi, kibandike juu ya gitaa kwa utepe wa gundi pande mbili, mahali unapopafikiria. Chini yake weka kwanza utepe wa karatasi ili gundi isiguse rangi. Kisha piga gitaa kama kawaida yako: ukiwa umekaa na ukiwa umesimama na mkanda, kwa kidonoo (kile kipande cha kucharazia) na kwa vidole, polepole na kwa fujo. Ukikigonga kipande hicho bila kukusudia, sogeza. Ukiona unakifikia kwa shida, sogeza tena. Mimi nilikaa na penseli yangu wiki nzima na niliisogeza mara nne. Mahali pa mwisho palikuwa karibu sentimita 6 kutoka pale nilipokuwa tayari kutoboa siku ya kwanza.

Wakati wa kujaribu, angalia mambo mawili ambayo penseli haiyasemi yenyewe. La kwanza ni mwelekeo wa mpini. Swichi inayosukumwa sambamba na nyuzi haigongwi kirahisi kama inayosukumwa juu na chini, kwa sababu mkono unaocharaza huenda juu na chini. Ukiuelekeza mpini kukingama na njia ya mkono, hata ukiugusa kwa bahati mbaya haugeuki. Wakati mwingine hilo peke yake linamaliza tatizo. La pili ni kiwiko. Mahali panapoonekana huru ukiwa umekaa panaweza kuwa ndipo mkono unapolala ukisimama.

Ukipapata, weka alama ya msalaba kwenye utepe wa karatasi kwa kalamu nyembamba, na uuache utepe hapohapo.

Angalia kilichomo chini ya alama

Legeza nyuzi zote na uzitoe. Fungua vifuniko vya nyuma, toa bamba la mbele kama lipo, ukague chumba cha nyaya. Sasa hamisha vipimo vya ile alama kwenda upande wa ndani: pima umbali wake kutoka kingo mbili za mwili wa gitaa, uchore alama hiyohiyo ndani au nyuma.

Maswali ya kujibu ni haya. Je, chini ya alama kuna chumba kilichochimbwa tayari, au ni ubao mtupu? Je, kuna poto, kapasita au springi za tremolo (daraja linalotikisika) zitakazogombea nafasi na swichi? Je, uko karibu na mfuko wa shingo au nguzo za daraja? Sehemu hizo mbili hubeba mvuto wa nyuzi, usiziguse.

Alama ikiangukia ndani ya chumba kilichopo, kazi yako ni tundu moja. Ikiangukia kwenye ubao mtupu, utalazimika kuchimba chumba kidogo kutoka nyuma, kukitengenezea kifuniko, na kutoboa njia ya nyaya ndani ya mwili. Inawezekana, lakini kabla ya kuamua hivyo rudi kwenye penseli uone kama kusogea sentimita 2 kunakuingiza ndani ya chumba. Mara nyingi inatosha.

Kina nacho kipime. Mwili wa Stratocaster una unene wa takriban milimita 45, wa SG takriban 35. Shika swichi mkononi, pima kuanzia pale nati inapokaa hadi ncha za miguu yake, ongeza milimita 5 za nyaya na lehemu. Jumla hiyo lazima iwe pungufu ya kina cha chumba. Kama haitoshi, ziko swichi za mpini zilizolala, ambazo miguu yake imekunjwa kwenda pembeni badala ya kushuka chini. Zimetengenezwa kwa ajili ya miili myembamba.

Swichi ipi

Gitaa lenye pikapu mbili linatosheka na swichi ya nafasi tatu: ya shingoni, zote mbili, ya darajani. Lenye pikapu tatu ni habari nyingine. Stratocaster za mwanzo zilikuwa na nafasi tatu tu, na wapigaji walikuwa wakiusimamisha mpini katikati ya nafasi mbili ili wapate ile sauti ya pikapu mbili pamoja. Kiwandani swichi ya nafasi tano ilianza kuwekwa mwaka 1977. Ukitoa swichi ya nafasi tano ukaweka ya mpini ya nafasi tatu, unapoteza sauti mbili. Kama unazitumia, hamisha swichi ileile ya mpini bapa, ile inayoteleza kwenye mpasuo, au tumia ya mzunguko yenye nafasi tano.

Nunua swichi kabla ya kutoboa, si baada. Skrubu ya swichi kubwa ya mpini huwa na kipenyo cha karibu milimita 12, na ya swichi ndogo ni karibu milimita 6, ila viwanda vinatofautiana. Pima yako kwa kalipa, uongeze nusu milimita, hiyo ndiyo biti utakayotumia.

Piga picha, pima, andika

Kabla ya kukata waya wowote, piga picha chumba chote kwa mwanga mzuri, kutoka pande mbili tatu. Kisha funga kipande cha utepe kwenye kila waya unaotoka kwenye swichi na uandike unakotoka. Rangi za nyaya usiziamini. Kila kiwanda kina zake.

Halafu chukua multimita, na hapa naomba usiruke hatua. Chomeka kebo kwenye gitaa, upande wa pili usichomekwe kokote. Fungua volyumu zote hadi mwisho, weka multimita kwenye kupima ohmu, gusa ncha ya plagi kwa waya mmoja na kiwiliwili chake kwa mwingine. Pikapu yenye koili moja husoma kwa kawaida kati ya kiloohmu 5 na 7, ya koili mbili mara nyingi 7 hadi 9. Andika namba ya kila nafasi ya swichi. Chukulia pikapu ya shingoni inasoma 7.6 na ya darajani 8.4. Nafasi ya katikati, ambapo zote zinafanya kazi, itasoma karibu 4, kwa sababu zimeungwa sambamba na ukinzani wa pamoja hushuka. Namba hizo ndizo zitakazokuambia baadaye kama umeunganisha sawasawa, hata kabla ya kufunga skrubu moja.

Kutoboa

Mahitaji ni keekee, biti zenye ncha ya katikati, biti ya milimita 2 ya kuanzia, msumari mkali, klampu moja au mbili, na kipande cha ubao chakavu. Kwa bamba la plastiki, biti ya ngazi, ile inayopanuka hatua kwa hatua, ni bora kuliko zote, kwani haivuti wala haipasui. Vaa miwani.

Kwanza toboa ubao chakavu wenye unene kama wa gitaa lako, uifunge swichi humo. Utajua kama tundu linatosha, na kama skrubu ya swichi ina urefu wa kutosha kupokea washa na nati juu ya ubao. Hili la urefu wa skrubu huwashtua wengi: ubao kati ya uso wa gitaa na chumba unaweza kuwa mnene kuliko skrubu, na swichi haitokezi juu. Dawa yake ni kuupunguza ubao kutoka ndani kwa biti ya Forstner, ile pana inayochimba shimo lenye sakafu bapa.

Hapo utaratibu una maana kubwa. Toboa kwanza tundu dogo la milimita 2 kutoka mbele, pale kwenye alama, hadi litokee ndani. Kisha geuza gitaa, ingiza ncha ya biti ya Forstner kwenye tundu hilo, uchimbe kidogokidogo ukipima kila baada ya mizunguko michache, mpaka ubao ubaki na milimita 3 au 4. Tundu kubwa la swichi lije mwisho. Mimi niliwahi kuanza na tundu kubwa. Nilipogeuza gitaa ili nichimbe ndani, ncha ya Forstner haikuwa na ubao wa kushika, biti ikarukaruka pembeni ikachimba shimo lililopinda. Swichi ilikaa kwa shida na hadi leo imeinama kidogo upande mmoja. Kumbuka pia kwamba ile ncha hutangulia mbele ya meno ya biti, kwa hiyo usitazame meno tu ukasahau ncha inayokaribia uso wa gitaa.

Sasa tundu lenyewe. Acha utepe wa karatasi juu ya rangi, uongeze tabaka la pili. Bana ubao chakavu ndani ya chumba ili usukume juu dhidi ya sehemu inayotobolewa. Bila huo, biti ikitokea upande wa pili huondoka na kibanzi cha ubao. Kama chumba ni kidogo klampu isiingie, tengeneza kabari. Weka biti kubwa katikati ya tundu dogo, na mizunguko ya kwanza iwe ya kurudi nyuma. Ikizunguka kinyume haichimbi, inakwangua rangi taratibu na kuchora duara safi. Rangi ya poliesta, ngumu kama kioo, hupasuka vipande ukiivamia kwa biti inayokwenda mbele. Duara likishakata rangi yote ukauona ubao, badilisha mwelekeo, ushuke kwa kasi ndogo na mkono mwepesi. Keekee iwe wima. Mtu akisimama pembeni akakuangalizia kama imeinama, inasaidia kuliko jicho lako lililo juu.

Ukimaliza, zungusha kipande cha msasa laini kwenye mdomo wa tundu ili kuondoa ukali. Nyufa nyingi za rangi huanzia kwenye ukingo mkali baada ya nati kukazwa.

Swichi ya mpini bapa haihitaji duara bali mpasuo. Chora mstari, toboa matundu madogo yanayofuatana, kisha yaunganishe kwa tupa nyembamba. Usikisie urefu. Weka swichi chini yake, sukuma mpini mwisho huu na mwisho ule, utupe mpaka usiguse popote. Matundu ya skrubu zake mbili yatobolewe mwisho kabisa, baada ya mpasuo kukaa sawa.

Njia ya nyaya

Kama swichi mpya iko kwenye chumba cha vitufe, pita haraka hapa: nyaya zako zitakuwa fupi kuliko zamani, na hiyo ni faida, hasa ukiishusha swichi ya mtindo wa Les Paul. Ule waya mrefu uliokuwa ukipanda hadi begani unauondoa wote.

Kama iko nje ya chumba, tafuta njia iliyopo kabla ya kutoboa mpya. Vyumba vya pikapu karibu kila mara vimeunganishwa na chumba cha vitufe, kwa hiyo mara nyingi tundu fupi kutoka chumba cha pikapu hadi chumba kipya linatosha. Litoboe kwa biti ndefu ya milimita 6, ukianzia ndani ya chumba cha pikapu. Kabla ya kuwasha keekee, laza biti nyingine au fimbo iliyonyooka juu ya gitaa ikifuata njia uliyokusudia, uone kama pembe ya keekee inalingana nayo. Hatari ni biti kupanda ikatokea mbele au kushuka ikatokea mgongoni. Toboa sentimita moja, simama, pima, endelea.

Kwa umbali wowote unaozidi sentimita 10 hivi tumia waya wenye wavu wa shaba kuzunguka ule wa ndani. Ishara ya pikapu ni dhaifu mno, na waya mtupu mrefu unanasa mvumo wa taa na transfoma kama antena. Wavu unaungwa kwenye ethi, yaani upande wa ardhi wa mzunguko. Lakini wavu huohuo ukigusa mguu wa swichi, sauti inakatika papo hapo, kwa hiyo ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto hadi karibu kabisa na mwisho. Chumba kipya ulichochimba kipakwe rangi ya kupitisha umeme au kibandikwe utepe wa shaba, nacho kiungwe kwenye ethi.

Kila waya uache na ziada ya sentimita 5. Waya uliokatwa kwa kipimo kamili hukusumbua siku ya kwanza utakayohitaji kufungua tena.

Kulehemu

Gitaa lisiwe limechomekwa kwenye amplifaya. Chuma kiwe na joto la takriban nyuzi 350 za selsiasi kwa lehemu ya kawaida ya bati na risasi. Isiyo na risasi inahitaji kidogo zaidi. Fungua dirisha. Funika uso wa gitaa kwa kitambaa, maana tone moja la lehemu likianguka juu ya rangi linaacha kovu.

Lehemu ukiwa bado umeitoa swichi nje ya gitaa, kwa kiasi nyaya zinavyoruhusu. Paka kwanza ncha ya waya na mguu wa swichi lehemu kidogo, kila kimoja peke yake, ndipo uvikutanishe. Joto liende kwenye mguu, kisha lehemu iguse mguu, si chuma. Ikiyeyuka na kutambaa yenyewe, ondoa lehemu, ondoa chuma, usitikise mpaka igande. Sekunde 2 au 3 zinatosha. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala kama ngozi juu ya waya. Kilichokaa kama kitone cha umande hakijashika, kirudie. Swichi za mpini bapa zina sehemu za plastiki, ukikawia zinalegea na mpini hautakita tena kwenye nafasi zake.

Kuhusu nani aende wapi: kwenye swichi ya mpini ya nafasi tatu, miguu miwili ya nje kwa kawaida hupokea pikapu, miwili ya ndani huunganishwa pamoja na kutoa sauti, na uliobaki ni ethi ya kiwiliwili cha swichi. Hakikisha kwa mlio wa multimita kabla ya kuamini. Sukuma mpini huku na huku uone ni mguu gani unakutana na upi. Kwenye magitaa yenye volyumu mbili, kinachofika kwenye swichi ni waya kutoka poto ya kila pikapu, na swichi inapeleka kwenye jeki, pale kebo inapochomekwa. Kwenye yenye volyumu moja, pikapu huanza kwenye swichi, kisha ndiyo poto. Usibadilishe mpangilio uliokuwepo. Unahamisha swichi, huundi upya mzunguko mzima.

Ethi ya swichi usiisahau, na hakikisha waya unaotoka darajani, au kwenye springi za tremolo, haukung'oka ulipokuwa ukifanya kazi. Huo ndio unaofanya mvumo upungue unapogusa nyuzi.

Jaribu kabla ya kufunga

Rudia vipimo vya multimita. Nafasi tatu, namba tatu, zilingane na zile ulizoandika. Zikiwa zimebadilishana nafasi, umeunganisha kinyume. Legeza nati uigeuze swichi nusu mzunguko, au ubadilishane nyaya mbili. Nafasi ya katikati ikisoma namba ya pikapu moja tu, kuna kiungo hakijashika au ulimi wa swichi haukutani. Ikisoma sifuri, waya wa sauti umegusa ethi mahali fulani, na mara nyingi mkosaji ni ule wavu.

Kisha chomeka kwenye amplifaya, sauti chini, uguse sumaku za kila pikapu kwa ncha ya bisibisi. Unapaswa kusikia mlio wa wazi wa kugonga kwenye pikapu iliyochaguliwa na kimya, au karibu kimya, kwenye nyingine. Tingisha nyaya kwa kijiti kikavu. Kukwaruza kokote sasa ni kazi ya dakika mbili; kukiwa kumeshafunikwa na nyuzi zimefungwa, ni jioni nzima.

Tundu la zamani

Hapa kila mtu na moyo wake. Kama ni tundu la duara mahali panapofikika, kuliziba ni kupoteza nafasi. Weka poto ndogo, au kitufe cha kukata sauti kinapobonyezwa. Vifuniko vya plastiki au chuma vya kuzibia matundu ya magitaa vipo, vinabanwa kwa nati kutoka ndani, na unaweza kuvitoa wakati wowote.

Ukitaka kuliziba kwa ubao, usitumie kijiti cha duara cha kawaida. Kichwa chake kinaonyesha ncha za nyuzinyuzi za ubao, hunyonya rangi zaidi na hubaki doa jeusi. Kata kizibo kutoka ubavuni mwa ubao wa aina ileile kwa biti ya kukatia vizibo, kigeuze mpaka mistari yake ifuate mistari ya gitaa, kipake gundi ya mbao, kiache kitokeze nusu milimita. Baada ya siku nzima kisugue kwa msasa uliofungwa kwenye kipande cha ubao bapa. Chini ya rangi nzito hakitaonekana. Chini ya vanishi inayopitisha mwanga kitaonekana, hata kikikatwa na fundi hodari, na ni afadhali ulijue hilo sasa.

Rudisha vifuniko, funga nyuzi mpya, tyuni. Nati ya swichi ikaze kwa spana iliyovikwa kitambaa, huku mkono mwingine umeishika swichi kutoka ndani isizunguke na kukata nyaya. Baada ya wiki moja ya kupiga irudie kuikaza. Ubao na washa hukandamizika siku za mwanzo, na nati iliyokuwa imekaza sana utaikuta imelegea kidogo.